Kondoo wa Mvua wa Kedowa

Kabla ya mambo ya Kedowa, watu wa kituo chetu walimwita Daktari Chepkurui "Mama Protini," na hawakumaanisha heshima. Kituo kilikuwa maabara ndogo ya mifugo nje ya mji wa Kericho, vyumba vitano na darubini tatu, na kazi yetu ya kila siku ilikuwa ndigana, kimeta na minyoo. Mimi ni Owiti. Nilikuwa fundi wa maabara, mtoto wa mtu wa ziwani aliyekuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai kabla sijazaliwa.

Daktari alikuwa wa Merigi, kule Bomet. Alisomea udaktari wa mifugo Kabete, kisha akaenda Uskoti miaka minne kusomea ugonjwa wa kondoo unaoitwa skrepi. Aliporudi mwaka wa 1993 alitueleza kwamba ugonjwa huo hauletwi na virusi wala bakteria. Unaletwa na protini, kitu ambacho kila kondoo anacho kichwani mwake, isipokuwa hii imejikunja vibaya. Na ikigusana na protini nzima, ile nzima nayo huacha umbo lake na kujikunja vibaya vilevile, mpaka ubongo unatoboka. Watu walisikiliza kwa adabu, halafu wakacheka wakiwa kwenye chai ya saa nne. Mkuu wetu, Bwana Mokaya, alimwambia waziwazi, "Daktari, serikali ilikulipia ukasomee ugonjwa ambao hatuna."

Basi akawa anapima minyoo kama sisi wengine. Jioni alibaki akisoma majarida aliyotumiwa na profesa wake. Mimi ndiye niliyekuwa nikifunga milango, kwa hiyo nilimwona.

Machi 1996 redio zikaanza kusema habari za ng'ombe wa Uingereza waliopagawa, na watu waliokufa, na protini. Wiki hiyohiyo waliokuwa wakimcheka walikuja mlangoni kwake mmoja mmoja kuuliza kama soseji ni salama. Alijibu kila mtu kwa upole. Mimi ningeringa kidogo.

Mwezi wa Juni akaja mzee mmoja kutoka Kedowa, Aron Kiplangat, mkulima wa viazi na mfugaji wa kondoo. Alivua kofia, akasema, "Kondoo zangu zinajikuna mpaka manyoya inaisha. Nimeogesha mara mbili, nimeogesha mara tatu. Wadudu hakuna. Halafu miguu ya nyuma inalegea, inakufa. Nne zimekwisha, sasa ya tano imeanza."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika chupa za damu. Nilimwona daktari akiweka kalamu chini polepole sana.

"Wanakunywa maji vipi, mzee?"

"Kidogo kidogo. Kila saa."

"Twende," akasema, na akachukua funguo za Land Rover mwenyewe.

Kedowa kuna baridi kuliko kwetu. Tulikuta ukungu umekaa juu ya mashamba, na mke wa mzee Aron, Mama Chemutai, alikuwa barazani akifuma sweta za shule kwa mashine. Alisimama akatusalimu, "Chamgei," na daktari akaitika kwa Kikipsigis, wakaulizana habari za nyumbani kwa dakika kadhaa huku mimi nikipasha vidole vyangu moto. Kisha tukaenda kwenye ua.

Kondoo alikuwa amejibana kwenye nguzo, akijisugua. Ubavu mmoja ulikuwa uchi kabisa. Daktari alimkagua ngozi kwa lenzi, akakuna ukurutu akautia kwenye chupa, akatikisa kichwa. Halafu akaweka vidole mgongoni, karibu na mkia, akaanza kumkuna. Kondoo akainua kichwa. Midomo ikaanza kutetemeka, akatafuna hewa, ulimi ukitoka na kuingia kama mtu anayeonja uji wa moto. Daktari akaacha, na kondoo akaacha. Akakuna tena, midomo ikaanza tena.

"Owiti," akasema kwa sauti ya chini, "njoo ukune wewe."

Nikakuna. Ikawa vilevile. Nilipomtazama, uso wake ulikuwa umejaa furaha ambayo hakuweza kuificha. Kisha akakumbuka alikuwa kwenye ua wa nani.

"Mzee, nisamehe," akasema. "Naonekana kama mtu anayefurahia hasara yako."

Mzee Aron alifikiri. "Furahi tu, daktari, kama unajua ni nini. Wale wengine walikuja hapa wakahuzunika na hawakujua."

Akatueleza kwamba mwaka wa 1990 alinunua dume moja na majike mawili kutoka kwa mzungu aliyekuwa akifunga shamba lake na kurudi kwao. Kondoo hao walikuwa wameletwa kwa meli. Jike mmoja alikufa baada ya mwaka mmoja na nusu, akijikuna.

"Na sisi?" akauliza Mama Chemutai. "Tumekula nyama ya wengine."

Daktari hakumkwepa. "Watu wamekula kondoo wenye ugonjwa huu Ulaya kwa miaka zaidi ya mia mbili, mama, na hakuna aliyeonekana kuupata. Lakini kuanzia leo msile, msiuze, na kichwa kisiguswe na mtu ila mimi."

Tulimchinja yule kondoo, tukarudi na kichwa chake ndani ya ndoo tatu, moja ndani ya nyingine. Alinifundisha kazi upya siku hiyo. Glavu jozi mbili. Meza yote kuoshwa kwa soda kali. Visu kuchomwa. Kuchemsha hakutoshi, alisema, kitu hiki kinapita kwenye maji yanayochemka kama mtu anayepita kwenye manyunyu. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya maabara miaka kumi na moja, na nikajikuta nasikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ubongo ulikaa kwenye dawa wiki tatu, isipokuwa kipande tulichokigandisha. Nilipoukata vipande vyembamba na kuvitia rangi, daktari alikaa kwenye darubini, kisha akasogea kando nitazame. Seli zilikuwa na mashimo ya duara, safi, mengi, kama andazi ukilikata katikati.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Sema unachokiona. Usiseme ninachotaka."

"Mashimo, daktari. Pande zote mbili, mahali palepale."

Akatembea mpaka dirishani akarudi, akatembea tena. Hakuweza kukaa.

Bwana Mokaya alitazama kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Miaka ya nyuma aliwahi kutangaza ugonjwa ambao haukuwapo, soko zima likafungwa miezi miwili, na hakusahau. "Kisu kibaya hutoboa," akasema. "Dawa ya zamani hutoboa. Bogonko, mkuu wa magonjwa, anakuja kutoka makao makuu Ijumaa ijayo. Akikuta mashimo peke yake atafanya moja kati ya mawili. Atatucheka, au atachinja kila kondoo kutoka hapa mpaka Londiani. Nipe kitu ambacho si mashimo."

Kitu hicho kilikuwa protini yenyewe, na njia ya kuiona daktari alikuwa anaijua. Unasaga ubongo kidogo, unautia kimeng'enya kinachokula protini. Ile nzima inaliwa yote. Ile iliyojikunja vibaya inakataa, inabaki. Kisha unaipitisha kwenye jeli nyembamba kama utando wa maziwa, umeme unaivuta, unaihamishia kwenye karatasi maalumu, na mwisho unamwaga kingamwili, dawa inayoishika protini hiyo peke yake na kuipa rangi. Profesa wake alimtumia kingamwili kwa ndege. Kilikuwa ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, kinatosha kupima mara mbili.

Kazi hiyo huchukua saa saba au nane, na kila saa inataka umeme. Anayeijua Kericho anajua shida iko wapi. Jumatatu saa tisa mchana mvua ya mawe ikaja kama ilivyo kawaida yake, radi ikapiga upande wa mashamba ya chai, na stima zikapotea. Ziliporudi, jeli yetu ilikuwa imeharibika nusu. Daktari alijaribu kuendelea hivyohivyo, akatumia nusu ya kingamwili, na tulichopata ni doa la rangi ya kahawa ambalo halikusema lolote. Jumanne stima zilipotea saa nane, kabla hatujafika popote. Jumatano hata hatukuanza. Transfoma ilikuwa imeungua.

Alikaa kwenye kiti, mikono mapajani. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona amechoka.

"Daktari," nikasema, "kiwanda cha chai hakizimi."

Akageuka.

"Majani yakikosa upepo kwenye yale matandiko ya kunyaushia yanaoza. Wana jenereta kubwa. Binamu yangu Otiende ndiye fundi wao wa umeme."

"Siwezi kupeleka ubongo wa kondoo mgonjwa mahali pa chai, Owiti."

"Kuna karakana. Iko nyuma kabisa, ng'ambo ya barabara ya malori. Chai haifiki huko."

Alifikiri, akasema, "Kusaga na kimeng'enya tunafanya hapa, tuna jiko la gesi la kupashia maji. Tunapeleka matone yaliyokwisha kuchemshwa na dawa, kwenye vichupa vilivyofungwa. Na tunarudi na kila kitu, hata maji tuliyonawia." Tayari alikuwa amesimama.

Meneja alikubali kwa sharti hilohilo. Alhamisi asubuhi tulikuwa karakanani, katikati ya mota zilizofunguliwa na koili za waya, na Otiende alikuwa amefuta meza yake mara mbili na kuvaa ovaroli safi. Alidhani tunaleta mashine kubwa. Alipoona sanduku la plastiki lenye nyaya mbili akanong'ona, "Omera, ndugu yangu, ni hii tu?"

Vichupa vilikuwa vinne: kondoo mzima kutoka bucha na kondoo wa Kedowa, kila mmoja akiwa mara moja bila kimeng'enya na mara moja nacho. Daktari aliyamimina matone kwenye jeli akiwa ameshika pumzi. Saa nane kasoro mvua ikaanza kupiga bati, halafu mawe, mpaka ikabidi tusemezane kwa mikono. Taa zikazima. Daktari alifumba macho. Nilimsikia akihesabu kwa Kikipsigis, na alipofika saba jenereta ikanguruma ng'ambo ya ukuta, taa zikawaka, na ile sindano ya mashine ikapanda ikarudi mahali pake.

Otiende aliinua kidole gumba. Daktari alicheka kicheko kifupi, kama mtu aliyepigwa na maji baridi.

Saa kumi na nusu mvua ilikuwa imekatika. Aliweka karatasi kwenye sinia la maji ya rangi, akaanza kulitikisa taratibu. Tuliinama sote watatu. Mwanzoni karatasi ilikuwa nyeupe tu. Kisha upande wa kushoto, kwa kondoo mzima asiyetiwa kimeng'enya, ukatokea mstari wa zambarau. Kando yake, kondoo mzima aliyetiwa kimeng'enya: hapakuwa na kitu. Peupe.

"Imeliwa yote," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa."

Wa Kedowa bila kimeng'enya akatoa rangi. Ikabaki nafasi ya mwisho. Daktari aliendelea kutikisa. Niliona kivuli, nikadhani ni macho yangu. Kivuli kikakolea. Mstari mmoja, chini kidogo ya ile mingine, kisha wa pili chini yake, kisha wa tatu mwembamba. Ilikuwa mitatu, imepangana, zambarau kama maua ya viazi.

Hakupiga kelele. Aliketi juu ya mtungi wa mafuta, machozi yakamtoka huku anacheka, na akafuta uso kwa mkono wa koti kwa sababu glavu zilikuwa chafu.

"Ni mistari tu?" akauliza Otiende.

"Ni mistari tu," akasema daktari. "Nimeingoja miaka saba."

Kesho yake Bogonko alifika Kedowa na watu wawili wenye buti mpya. Bwana Mokaya ndiye aliyemwonyesha ile karatasi, na alivyoieleza ungedhani aliifanya yeye, lakini alimaliza kwa kusema, "Kazi ni ya Daktari Chepkurui. Mimi nilimzuia." Bogonko aliitazama, akampa daktari mkono. Kisha akamgeukia mzee Aron akamwambia kondoo wote sitini na wanne watachinjwa na kuchomwa, na wa majirani watafuata.

Mzee Aron aliangalia ua wake tu. Furaha ya jana ilinitoka yote.

"Mpe mama nafasi atuambie ni wepi waliougua," daktari akasema haraka. "Kwa mfuatano."

Mama Chemutai alikuwa amesimama langoni na shuka begani. Hakuwa ameandika popote, lakini kondoo wake wote alikuwa amewapa majina, kama watoto. "Baada ya yule wa mzungu, wa kwanza alikuwa Cherop," akasema. "Halafu Kiprop. Halafu Cherop wa sikio lililopasuka. Halafu Kiprop ya pili. Halafu Cherop ile mliochukua kichwa."

Wale wa buti wakatabasamu. Daktari hakutabasamu. Alikuwa amekaza macho.

"Mama, wote jina moja?"

"Si wewe ni wa huku? Unajua sababu."

Mimi sikujua, daktari akanigeukia akaeleza, maneno yakimtoka mbio. Kwao mtoto hupewa jina kufuatana na wakati aliozaliwa. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Cherop akiwa wa kike, Kiprop akiwa wa kiume.

"Na mvua ikinyesha, kondoo anazalia wapi, mama?"

"Kwa ile banda ya mbao, huko nyuma. Kukiwa kukavu wanazalia nje, huko malishoni. Siwezi kuacha mtoto kwa mvua."

"Na yule jike wa mzungu alizalia wapi?"

Mama Chemutai akaweka mkono mdomoni. "Huko," akasema. "Hiyo ilikuwa siku ya mvua. Kondo la nyuma ilibaki kwa nyasi. Nilitoa asubuhi."

Daktari alimgeukia Bogonko, na sasa alikuwa anazungumza kwa haraka mpaka ikabidi aanze upya. Uchafu wa uzazi ndio unaobeba protini hiyo kuliko kitu kingine, na hukaa ardhini miaka mingi. Kila mwanakondoo aliyezaliwa bandani alizaliwa juu yake, na waliozaliwa malishoni hawakuugusa. "Usichinje sitini na wanne," akasema. "Chinja wa mvua na wale walioletwa, choma banda, chimba udongo. Nipe wengine niwatazame. Akiugua mmoja asiyezaliwa wakati wa mvua, nitakuja kuwachinja wote kwa mkono wangu."

Walibishana kwa saa nzima. Mwishowe Bogonko akakubali kwa maandishi.

Wa mvua waliobaki walikuwa kumi na wawili. Kumi na mmoja walichinjwa pamoja na dume na jike waliosalia wa mzungu, na wiki mbili zilizofuata tulirudi karakanani kwa Otiende mpaka watu wa kiwanda wakazoea kutuona, maana profesa alikuwa ametuma kingamwili zaidi. Saba kati ya kumi na mmoja wale walikuwa na mistari mitatu. Majirani hawakuguswa. Banda lilichomwa mchana, na mzee Aron mwenyewe ndiye aliyewasha kiberiti.

Wa kumi na mbili alitetewa na Mama Chemutai. Alikuwa Cherop mzee kuliko wote, aliyezaliwa bandani mwezi mmoja tu baada ya yule jike kuzalia humo, akazalia mle mara tatu, na hakuwahi kujikuna. "Huyu ugonjwa imemkataa," alisema Mama Chemutai. "Mkimuua hamtajua kwa nini." Daktari alimtazama mama yule, kisha akampakia kondoo kwenye Land Rover, akamjengea ua nyuma ya kituo.

Alimtoa damu, akaipeleka kwa profesa isomwe jinsi protini yake ilivyoandikwa kwenye vinasaba. Majibu yalichelewa. Tukiwa bado tunangoja, Oktoba 1997, magazeti yaliandika kwamba mwanasayansi aliyezomewa miaka mingi kwa kusema protini inaweza kuambukiza amepewa tuzo kubwa kuliko zote. Bwana Mokaya alikuja na gazeti mpaka mezani kwa daktari, akaliweka, akakohoa, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema Mama Protini, isipokuwa mimi, na alinikubalia.

Barua ilifika Februari 1998. Aliisoma amesimama, akanipa, akaninyang'anya, akasoma tena. Tulienda Kedowa siku hiyohiyo. Kondoo hamsini na kitu wa mzee Aron walikuwa malishoni, wazima, na Mama Chemutai alikuwa kwenye mashine yake ya kufuma.

"Mama, protini ni kama hii sweta," daktari akamwambia, akishika mkono wa sweta ya kijani. "Ina mishono zaidi ya mia mbili na hamsini. Ile mbovu ikija inaivuta ifuate umbo lake. Kondoo wako ana mshono mmoja tofauti na wengine. Mmoja tu. Ikivutwa haifuati."

Mama Chemutai alihesabu mishono kadhaa kwa kidole. "Na watoto wake?"

"Baadhi yao wanao."

"Na kondoo nyekundu za huku kwetu, zile za zamani?"

Daktari alinitazama, nami nikajua wiki zetu zinazofuata zimekwisha kupangwa.

Jumatatu tulianza na Longisa, tukitafuta mshono ule kwenye damu ya kondoo wekundu wa zamani. Watu walileta kondoo kwa kamba, wengine kwa udadisi tu, na daktari alipiga magoti kwenye nyasi zenye umande akiuliza kila mmoja jina la kondoo wake kabla ya kuingiza sindano. Kufika saa sita tulikuwa tumejaza vichupa arobaini na kimoja. Nilimwambia tusimame tule. Alisema nile mimi, akamvuta wa arobaini na mbili.